Mlango Umelala Chali

Meza hatuna. Tuna kistuli cha redio,
hubeba vikombe viwili, na kijiko kikibahatika.
Kwa hiyo kila mwaka, mwezi ukishaandama,
Kibwana huja na bisibisi,
akalegeza bawaba tatu za mlango wa mbele,
na mlango, mninga mtupu, ukalazwa chali
juu ya kreti nane za soda
za kuazima kwa Hizza, Barabara ya Kumi na Tatu.

Hapo ndipo kazi yangu huanza.

Naufuta kwanza: chaki ya watu wa vyandarua,
nta, vidole vya mtoto aliyekula fenesi.
Tundu la kitasa siliachi wazi.
Natia humo kikonyo cha mrehani
kisimame kama kimeota.

Chupa tupu za pilipili nimezivika mkonge,
singa alizoleta shemeji kutoka shambani,
nikizungusha tangu kitako hadi shingoni
kwa gundi ya uji wa muhogo.
Siku mbili kivulini.
Ndani asumini, kidogo tu:
ikizidi hugombana na pilau.

Machungwa ya Muheza tumeyala, maganda tumeyaweka,
nusu nusu, kila moja na kijiko cha mafuta ya nazi
na utambi wa pamba.
Taa kumi na moja.
Ya kumi na mbili Mwanaidi aliikalia
akajifanya hajui.

Kitambaa ndicho alicholeta yeye, wifi yangu:
doti mpya, bado inanuka duka.
Akatandika kipande huku, kipande kule,
akaacha kiganja cha mbao kwa ajili ya mrehani.
Jina la kipande cha ndani sinia lililimeza lote.
La kipande cha nje akaligeuza
litazame barabarani:

HASIDI HANA SABABU.

Nikajua analengwa nani.
Na Mwantumu wa nyumba ya pili
bomba letu moja, mita moja,
salamu hakuna tangu Rajabu.

Sikuigeuza kanga. Wifi angeona.
Nikaweka bakuli la achari juu ya HASIDI,
na kisahani cha vileja, polepole,
juu ya herufi moja tu iliyofuata.
Nikarudi nyuma kuangalia kama mezani pamekaa sawa.

ANA SABABU.

Nikavuta kreti ya tisa nikakaa.
Kwa kweli anayo.
Mwezi ule tulifua mapazia ya nyumba nzima,
na magodoro, na zulia la msiba,
bili ilipokuja tukasema, kama kawaida, nusu kwa nusu.

Baada ya Isha wageni wakaja.
Nyumba isiyo na mlango haina adabu:
upepo uliingia na viatu,
paka wa Hizza akaingia,
watoto wa mtaa wakaingia kuhesabu taa.
Kisha nje, penye fremu tupu,
mtu na hotipoti kifuani.

Mwantumu si wa kuingia bila hodi.
Akatazama kushoto, kulia,
hapana cha kugonga.
Akapiga hatua mbili, akainama,
akagonga meza,
pale kwenye kiganja cha mbao, kando ya mrehani.
Mara tatu. Taa moja ikazimika.

"Hodi."

Mwanaidi alikuwa anachambua wali usio na mchele mbovu.
"Karibu," nikasema. "Umeshaingia."

Akatafuta pa kuweka hotipoti yake.
Akasogeza achari.
Akasoma.
Nikamwona anasoma, midomo ikitikisika
kama mtoto wa darasa la kwanza,
na mtoto mmoja akacheka kwa jambo lake mwenyewe.

Akaishusha hotipoti juu ya neno lile lile,
akaifunua, kaimati, mvuke ukampiga usoni.
"Hapa," akasema, "panatosha."

Kesho Kibwana ataurudisha mlango mahali pake.
Chini ya komeo patakuwa na doa la shira.
Sitalifuta.
Na bili ya maji iko chini ya redio,
nitaanza nayo asubuhi.