Swichi ya Datsun

Mwalimu Leokadia hakuniambia gari ni bovu.
Aliniambia, "Mkono wangu umechoka."

Datsun 1200, rangi ya chai iliyozidi maziwa,
aliiteremsha Igogo injini ikiwa imezimwa,
ikapita kati ya majabali mawili
kama mtu anayekijua chumba chake gizani.
Upepo wa ziwa ulileta harufu ya dagaa.
Malimi, kijana wangu wa kazi, alikuwa bado na uji.

"Iwashe, nisikie."
Akaingiza ufunguo. Hakuuzungusha.
Akaurudisha nyuma, unywele mmoja tu,
akaubonyeza kwa dole gumba, akaunyanyua,
akashusha pumzi,
ndipo akauzungusha
na Datsun ikaitika.

Nikajaribu mimi, miaka ishirini na sita ndani ya nyaya.
Kimya.
Akajaribu Malimi. Tk,
kama mtu anayesonya.

"Miaka kumi na mitatu," alisema,
bila kiburi, au kwa kiburi kidogo.
"Sasa vidole vinatetemeka. Asubuhi nyingine
najaribu mara arobaini, na majirani wa Bwiru wanahesabu."

Nikafungua betri, upande wa hasi kwanza
(shoti niliyopigwa ujanani inatosha),
nikavua ganda la usukani: skrubu nne kwa bisibisi,
ya tano, iliyoliwa na kutu, kwa koleo na matusi ya chinichini.
Chali, tochi mdomoni, nikaziona:
mweupe wenye mstari mwekundu, huo una moto hata gari likilala;
mweusi wenye mstari wa njano, wa stata;
mweusi wenye mstari mweupe, unaokwenda kwenye koili;
na wa bluu, wa redio iliyokufa zamani.

Swichi ikaniangukia kiganjani.
Nikaipasua. Shaba yote ndani imeungua, imelika,
isipokuwa mahali pamoja, upana wa punje ya mtama,
palipokuwa panang'aa.
Hapo ndipo mkono wake ulipokuwa ukienda
kila siku.

Nilipanda hadi Mlango Mmoja, kwa Bugumba,
anayeuza viungo vya magari yaliyokwisha kuzikwa.
Alitaka elfu thelathini na tano, tukaachana kwa ishirini na nane,
swichi na ufunguo wake, wa Datsun ya mtu tusiyemjua.
Nikalehemu, nikafunga tepu, nikakaza.
Malimi akazungusha, mkono mmoja bado una kikombe.
Ikawaka papo hapo,
bila adabu yoyote,
kama mtoto anayemfuata kila amwitaye.

Nikangoja shukrani.
Mwalimu alikuwa akiutazama mkono wa Malimi.

"Kwa hiyo sasa hata Deusi ataweza."

Deusi ni mtoto wa dada yake.
Mara mbili amechukua ufunguo, yeye akiwa kanisani,
mara mbili amemkuta ndani ya gari, shati limelowa jasho,
na mnunuzi kutoka Geita amekaa kwenye jiwe
amechoka kutazama kuku.
"Sikuwahi kumkataza," alisema. "Gari lilimkataza."

Nikamtuma Malimi soda. Mbali, kule stendi.

Nikarudi chini. Nikaukata ule mweusi wenye mstari mweupe,
nikauzungusha hadi nyuma ya kisahani cha majivu,
katika gari ambalo halijapata kuvutiwa sigara,
na hapo nikapachika kiswichi kidogo kama jino la mtoto.

Akajaribu ufunguo peke yake:
stata ikazunguka, ikazunguka, ikabembeleza, hakuna moto.
Akavuta kisahani, akaingiza kidole.
Tk. Ikaitika.

Mwalimu wa hesabu, mstaafu, akacheka mpaka akavua miwani.

Ile swichi ya zamani aliiomba.
Nikaifunga kwenye gazeti, pamoja na vipande vyake,
akaitia mkobani, kando ya rozari.

Malimi aliporudi na soda zimeshapata moto
akauliza nilikuwa nafanya nini kule chini.
Nikamwambia, taa. Nilikuwa naangalia taa.