Nyumba Inayocheua

Mwalimu Tusajigwe alinipigia alfajiri:
"Fundi, nyumba yangu inacheua."
Nikacheka, nikavaa buti.
Tukuyu mvua haijapumzika tangu Machi,
ukungu umelala juu ya migomba
kama shuka lililokataa kukauka.

Kweli, ilicheua.
Sinki lilisema blu, blu-blu,
maji ya choo yakapanda, yakasita, yakashuka nusu,
na harufu ya yai viza ikatutangulia sebuleni,
ikaketi.

Nyuma ya nyumba nikaliona kosa:
bomba la hewa limekatwa chini ya dirisha,
mdomoni limevishwa kopo la rangi,
likakazwa kwa mpira wa baiskeli.
"Liliharibu ukuta," akasema.
"Wanakuja kumposa Neema yangu. Wangelitazama."

Sikumjibu.
Utamwambia nini mtu aliyemziba pua mgonjwa
ili asikohoe mbele ya wakwe?

Gwamaka akainua mfuniko, akataka kuchungulia.
Nikamvuta kola. Sigara nayo nikaitupa matopeni.
Bibi yangu, kule Kyejo, alitukataza
kuinama kwenye vibonde ambamo nyasi zimelala
na ndege aliyetua haamki.
Hewa ile, alisema, haina rangi wala kishindo,
ukishaijua umeshachelewa.
Tukakaa mbali, chai ikapoa mara mbili.

Kisha mtaro wa kunyonya.
Tope jeusi, linateleza kama ugoro uliolowa,
halina tundu hata la kupitisha neno.
Vijidudu vinavyokula kwa oksijeni vilikwisha kufa.
Wamebaki ndugu zao wa gizani,
wanaokula polepole
na kujamba.

Siku tatu tulichimba.
Nikajaza mawe ya pumisi, mepesi kama maandazi,
mawe yaliyotoka tumboni mwa mlima
siku mlima nao ulipocheua.
Kila jiwe matundu elfu,
kila tundu pumzi iliyoganda.
Nikayarudisha chini yakapumue kwa niaba yetu.

Bomba jipya nikalipandisha
hadi likaupita ukingo wa bati,
jeupe, refu, halina haya.

Siku ya posa, nasikia,
mjomba wa kijana alilikazia macho,
akauliza: "Na lile?"
Mwalimu akamwongezea chai.
"La kupumulia," akasema.
Jikoni, sinki
halikusema kitu.