Mgeni wa Madoa Saba

Vidukari wameyavaa mawaridi ya marehemu Ludmila;
majani yananata kama kiganja cha mtoto aliyeiba asali.
Alfajiri, Brno ingali usingizini,
Bohumil katoka na bomba la sumu,
sapatu miguuni,
kidole ki tayari.

Ndipo tone jekundu likapanda bua:
mdudu-kibibi, mgongo wa lakiri,
madoa saba, kayahesabu mara mbili.
Akala kidukari mmoja. Akala wa pili.
Hakuinua kichwa,
kama kibarua alipwaye kwa kipande, si kwa kutwa.

Bohumil akalilaza bomba nyasini,
akavuta kiti cha Ludmila, ambacho tangu Machi hakijakaliwa.
Nusura amtilie sumu sahanini
mgeni aliyekuja mwenyeji apone.

Kahawa ikapoa.
Thelathini na tisa, akahesabu. Arobaini.