Kitanda cha Kushoto

Niliinunua Aprili, theluji ingali juu ya turubai,
kwa bei ya friji moja na nusu.
Futi ishirini na saba. Imenizidi umri kwa miaka miwili.
Watu wa Ghuba ya Mahone walinipa pole kabla ya hongera.
Chombo cha kuzama hakina usukani, wanasema;
changu kilikuwa nao,
ulikosa bolti tatu tu.

Mimi huendesha gari la kusukuma theluji.
Najua lami, chumvi na breki.
Ya mashua sikujua hata kamba ipi hupandisha tanga
na ipi hulishusha.
Nikaja kujua ni ile ile.

Elwood Zwicker, mwenyewe, alikufa Novemba,
lakini alikuwa ameiandika ndani kwa penseli,
mahali ambapo mkono hufika kwa kuomba.
Nyuma ya droo: *Skrubu hii ni ya uongo. Usiivute.*
Ubavuni mwa injini: *Huwaka mara ya tatu. Ya pili huichukia.*
Kwenye taruma, juu ya ngama:
*Maji ya hapa ni ya mvua. Onja. Yakiwa na chumvi, rudi bandarini.*
Nikaonja.
Mvua.

Hiyo ndiyo shule niliyosoma. Mei nzima kwa magoti
juu ya sitaha, nikigonga kwa mpini wa bisibisi
kama mtu anayechagua tikiti maji:
ko, ko, ko, faiba imeshikana na ubao;
halafu bu.
Bu ni ubao uliooza kimyakimya,
pengine tangu kabla sijaoa.
Nikakata, nikachota uji mweusi kwa kijiko cha jikoni.
Mke wangu anakitafuta hadi leo.

Juni nikajifunza kubisha,
kuuibia upepo kidogo huku, kidogo kule.
Siku ya kwanza niliparamia boya la kijani.
Boya halikusema neno.
Nahodha wa feri alisema mengi.

Penseli ilitaja kila tone, isipokuwa moja.
Juu ya kitanda cha kushoto, pale kichwa kinapolala,
usiku wa mvua: tone,
unahesabu mpaka kumi na moja,
tone.
Godoro lilikuwa na doa la rangi ya chai, pete ndani ya pete.
Nikamulika tochi kutafuta maandishi.
Mtu aliyeeleza hata tabia za kifuniko cha choo,
hapa alinyamaza.

Ilikuwa bolti moja ya reli.
Nikaifungua, nikapaka gundi, nikaikaza.
Kikombe changu kilikuwa bado kinafuka moshi.

Agosti akaja mjane na boksi la ramani za bahari.
Avis. Jina lake liko shetrini, herufi za buluu,
moja imebanduka.
Akasimama gatini, hakukanyaga ndani.
"Bado inavuja, kitanda cha kushoto?"
"Hapana."
Akavua miwani.
"Elwood alihangaika nayo miaka ishirini na sita.
Alisema haitengenezeki, ndivyo mashua ilivyoumbwa.
Basi nikaacha kuja."

Shakwe mmoja alikuwa akipita gatini
kama afisa wa forodha, akikagua kila kamba.
Nikatazama mikono yangu.
"Ilikuwa kazi ngumu," nikasema. "Mwezi mzima.
Nusura nishindwe."
"Mwezi," akasema.

Akanikabidhi boksi. Akavua viatu,
ingawa hakuna aliyemwambia avue,
akashuka vidato vitatu vya ngazi
na kujilaza kushoto, koti lake mwilini,
uso juu.
Hakukuwa na mvua.
Nilimsikia akihesabu.
Alipita kumi na moja.