Swali la Tisa

Mwalimu Ndimbo alikuja na mizani ya buchani,
kaiazima kwa Shomvi mpaka saa sita, si zaidi.
Sufuria akaipima kwanza, akaitoa hesabuni.
Maji kilo moja. Chumvi robo.
Akakoroga, akakoroga,
na sisi wa darasa la sita, sabini na mmoja kwa madirisha mawili,
tukanyoosha shingo kama kuku walioona mtama.

"Haya. Chumvi imekwenda wapi?"

"Imekufa," akasema Mgeni wa Mzee Pazi.
"Imegeuka maji."
"Imekwisha, mwalimu."

Akaipandisha sufuria. Mshale ukayumba,
ukafikiri,
ukasimama penye kilo na robo.
"Kisichoonekana si lazima kiwe hakipo," akasema.
"Mizani haina macho, ndiyo maana haidanganyiki."

Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilitazama nje,
kule Nunge, yalipo majaruba,
ambako mama alikuwa ameinama na reki yake ya mti.

Mama hajui neno densiti. Anajua yai.
Hulitumbukiza kwenye maji ya chumvi, akangoja.
Likizama, husema: bado mabichi haya.
Likielea na kutoa upara mkubwa kama shilingi,
hufungua tope kwa mguu, maji yapite jaruba la pili.
Yai ni lile lile. Maji ndiyo yaliyobadilika:
nafasi ile ile, mzigo umezidi,
kama chumba chetu siku ya arobaini ya babu,
kuta hazikusogea, ila watu walijaa mpaka mlangoni.

Nilidhani maji hayawi mvuke mpaka yatokote.
Kumbe jua halina haja ya kuchemsha.
Chembe za juu, zile zenye haraka kuliko wenzao,
huchomoka moja moja,
na upepo wa saa nane huzipokea bila kuuliza jina.
Chumvi haina mbawa. Inabaki,
inasongana, inashikana,
inajijenga vijumba vya pembe nne
ambavyo hakuna fundi aliyevipiga randa.
Nilivitazama kwa kitako cha chupa. Kweli, pembe nne.

Jumanne, usiku, ilinyesha.
Si mwezi wake. Bati lilianza kwa tone moja,
mama akawa ameshasimama kabla ya la pili.
Nilimfuata na taa ambayo haikuonyesha kitu.
Magunia kumi na manne yalikuwa bado mapajani mwa ardhi,
na fuso la mnunuzi lilikuwa lije kesho.

Chumvi haipigi kelele inapoyeyuka.
Nilikuwa nimetega sikio, kwa hiyo najua.

Akachovya kidole, akaonja, akatema.
"Imo," akasema. "Imo humu humu, haijaenda popote.
Wiki zangu tatu ndizo sizioni."

Nikawaza ile mizani ya Shomvi,
wiki tatu zingewekwa upande gani.

Ijumaa tukapewa mtihani. Swali la tisa:
*Taja badiliko moja la kiumbo linaloweza kurudishwa.*
Wengine waliandika barafu. Wengine, mshumaa ulioyeyuka.
Mimi niliandika: *Chumvi ya mama, Jumanne.*
Nilipata alama moja kati ya mbili,
na pembeni, kwa wino mwekundu: *Fafanua.*

Jioni hiyo jua lilikuwa limerudi kama asiyehusika.
Mama alishuka jarubani na yai la jirani.
Akaliweka majini taratibu, akaondoa mkono.

Likazama.

Akaliokota, akalifuta kwa pindo la kanga,
akalichemsha, tukagawana nusu kwa nusu.
"Nipe chumvi," akaniambia,
halafu akacheka yeye mwenyewe, peke yake,
kwa muda mrefu.