Upande wa Kulia

Kuopio, Machi, theluji imegeuka uji.
Tuulikki ana miaka sitini na mitatu.

Breki ya mkono hakuishusha;
gari likaguna kama ng'ombe mwenye chuchu kidonda.
Kwenye alama ya kusimama alipunguza tu,
akachungulia, akapita.
Indiketa ilimlilia kona tatu.
Bwana Rautio, mtahini, hata hakukohoa.

Njia panda zote alitazama kushoto.
Kushoto ndiko alikokaa Eino, usukani mkononi,
miaka thelathini na minane;
upande wa pili alikuwa yeye, akimmenyea machungwa.

Rautio akaandika kwa kifupi:
"Amesahau kulia."

Aliisoma fomu maegeshoni,
waipa bado zikipangusa kioo kikavu,
na hapo
akakumbuka.