Umande wa Elburgon

Miaka miwili Mama alisema miguu yake inalowa
akikaa upande wa kushoto wa Datsun,
na Baba, macho barabarani, akamjibu: ni umande.
Umande gani unanukia sukari guru?
Kioo kikishika ukungu, alikifuta kwa kofia.

Leo, Shabab, chini ya bati la Fundi Nyaberi,
dashibodi iko chini kama taya la ng'ombe,
nyaya zinaning'inia, skrubu kumi na tisa
zimelala ndani ya kopo la majani chai.
"Wengi huunga bomba kwa bomba," asema,
"hita wanaisahau. Nakuru kuna baridi gani?"
Namwambia: sisi hushuka na viazi saa kumi alfajiri.
Hacheki tena.
Anachomoa kile kisanduku,
kidogo, unene wa kitabu cha Zaburi,
shaba imeota ukurutu wa kijani,
inadondosha tone, inanyamaza,
inadondosha.

Baba yuko mlangoni, anahesabu noti
asizotaka kuzihesabu.
Kingine kimetoka kwa gari lililofia Salgaa;
kimejazwa maji, kimepulizwa hewa, hakivuji.

Jioni, tukipandisha baada ya Njoro,
Mama akavua raba zake, na soksi,
akasogeza nyayo kwenye kitundu.
Kwanza lilitoka vumbi la zamani.
Kisha joto.
Hakusema kitu.
Baba ndiye aliyekohoa: "Naona umande umekauka."
Mama akageukia dirisha,
mabega yakimtikisika
mpaka kwetu.